Sekunde za Nshomile

Mchezo wa kwanza ulikwisha kabla dakika mbili hazijatimia, na Tunu Mwakalinga alishindwa kama alivyozoea kushindwa.

Katika hoja ya tatu, yaani zamu yake ya tatu ya kusogeza kete, mpinzani wake alisukuma askari wa pembeni hatua mbili mbele. Hakumficha mfalme nyuma ya ngome, hakuwahi kumficha. Farasi wake alikwenda kukaa ukingoni mwa ubao, mahali ambapo walimu wote wa sataranji hukataza, akatulia huko kama mtu aliyesahauliwa, kisha katika hoja ya thelathini akarudi katikati na kumng'oa malkia. Maneno yakatokea pembeni mwa kioo: *Pole, mtani. Kale ndizi, akili irudi.*

Tunu aliandika kwenye daftari: askari wa pembeni, sawa, mfalme, sawa, farasi, sawa, maneno, sawa. Maneno hayo aliyakumbuka. Aliandikiwa mara ya kwanza miaka kumi na mmoja nyuma, baada ya kupoteza malkia kwa namna hiyohiyo, na tangu siku hiyo hayakuwa yamebadilika hata nukta.

Upande wa pili wa ukuta, barazani, Gervas Kamuhanda alikuwa amekaa na kishikwambi mapajani akingoja mchezo wa pili. Au kilichokuwa ndani ya Gervas ndicho kilichongoja. Tunu alikuwa ameitwa Bukoba kuja kusema ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Unamwonaje?" aliuliza Daktari Mfinanga. Alikuwa ameketi kando yake sebuleni, kipimo kikiwa juu ya goti.

"Mchezo mmoja si kitu, Daktari. Tulikubaliana kumi na miwili."

"Nauliza tu."

"Nimekagua mizani miaka thelathini na mmoja. Mizani haijaribiwi kwa jiwe moja ukaondoka."

Daktari akatabasamu kidogo na kutazama kipimo chake. Kilisoma mia kwa sifuri, kama kilivyosoma siku tisini mfululizo.

*

Kiharusi kilimpata Gervas miaka miwili iliyopita, akiwa kazini, amesimama nyuma ya chombo chake cha kupimia ardhi. Hospitali ilimtia mkalimani: utando mwembamba kama ganda la kitunguu, uliotandazwa chini ya fuvu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza nia inayotoka kwenye sehemu za ubongo zilizosalia, kuifasiri, na kuipeleka kwenye mkono, mguu au ulimi. Nia ikija nusu, mkalimani aliijaza kwa kukisia. Ili akisie vizuri alilishwa maisha yote ya mgonjwa yaliyowahi kurekodiwa: barua, sauti, picha, na kwa Gervas, michezo elfu arobaini na moja ya sataranji ya dakika moja aliyocheza mtandaoni kwa jina la Nshomile, jina ambalo Wahaya hutaniwa nalo kwa kupenda kuonyesha kisomo chao. Yeye alilivaa kama kofia.

Kipimo kilionyesha kati ya matendo mia, mangapi yameanzishwa na mkalimani na mangapi na mtu. Fungu la mtu likikaa chini ya moja ya kumi kwa siku tisini, sheria ilitaka aitwe shahidi wa tabia: mtu asiye ndugu, aliyemfahamu mgonjwa kwa jambo linaloweza kupimwa. Shahidi aliulizwa swali moja, lenye majibu mawili. Yupo, au hayupo. Akisema yupo, mkalimani anaachwa mwaka mwingine, hata kama kipimo kinasema sifuri. Akisema hayupo, mkalimani anatolewa, na mwili ambao hauwezi kumeza wenyewe hauchukui siku nyingi.

Gervas na Tunu walikuwa wameonana ana kwa ana mara mbili tu katika miaka kumi na tisa. Yeye aliishi Bukoba, Tunu Tukuyu, na katikati yao kulikuwa na nchi nzima. Lakini kila siku saa kumi jioni, kazi zikiisha, walikutana kwenye ubao na kucheza michezo sita au saba, na kwa kuwa Wanyakyusa nao ni watu wa ndizi, walitukanana kuhusu ndizi za nani ni chakula cha watu na za nani ni chakula cha ng'ombe. Ndivyo walivyokuwa watani bila mababu zao kuwa watani.

Asubuhi hiyo, Koku, mke wa Gervas, alimpokea Tunu mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyopokewa katika nyumba za huko. "Wifi," alisema, "huyu bwana wako wa mtandaoni anakungoja tangu juzi." Tunu aliingia barazani na kumshika Gervas mkono. Mkono ulikuwa wa moto na mwepesi.

"Mtani," alisema Gervas, sauti yake ileile nzito. "Umefika kushindwa uso kwa uso?"

Tunu alicheka kabla hajajizuia. Kisha akaona kwamba macho ya Gervas hayakucheka. Yalikuwa yamemwelekea bila kupepesa, kama macho ya mtu anayetazama nje kupitia dirisha la nyumba ya jirani.

*

Mtihani aliokuja nao hakumweleza mtu, wala sheria haikumtaka aueleze.

Miaka ile ya mwanzo umeme ulikuwa ukikatika Tukuyu karibu kila jioni, na mtandao ukienda nao. Katika mchezo wa dakika moja, sekunde kumi za giza ni kifo: saa yako inaendelea kukimbia na wewe huwezi kugusa kete. Mara ya kwanza ilipomtokea, Tunu alirudi na kukuta zimebaki sekunde kumi na nne dhidi ya arobaini. Alicheza hoja yake akijua amekwisha. Nshomile hakujibu. Saa yake ikashuka, thelathini, ishirini, mpaka ilipofika kumi na nne kamili, ndipo akacheza. Hakuandika neno. Wiki iliyofuata mvua iliangusha nguzo Bukoba, na Tunu akafanya vivyo hivyo. Tangu hapo ikawa desturi yao. Waliiita kurudisha sekunde.

Kumbukumbu za mtandao zilihifadhi hoja na saa; hazikuhifadhi mtandao ulikatika lini. Wahandisi waliomlisha mkalimani waliona kwenye michezo ya Gervas ukimya usio na sababu, mia kadhaa, wakauhesabu kuwa kelele na kuufuta. Tunu alikuwa amewaandikia kuuliza, na walimthibitishia kwa barua. Kwa hiyo mkalimani alijua askari wa pembeni, farasi wa ukingoni na matusi ya ndizi. Kurudisha sekunde hakukujua. Kama kitu barazani kingerudisha sekunde, kitu hicho kingekuwa Gervas.

Mchezo wa pili alizima data ya simu yake kwa sekunde kumi na tano. Aliporudi na kucheza, jibu lilikuja chini ya nusu sekunde. Mchezo wa tano, hivyohivyo. Mchezo wa saba alizima sekunde ishirini, na Nshomile akamfunga mfalme huku akiandika: *Hata ng'ombe wa kwetu anajua hiyo.*

Tunu aliandika: haikurudi, haikurudi, haikurudi. Mwandiko wake haukubadilika, ila Daktari Mfinanga aliona kwamba ameanza kuandika akiwa amesimama.

"Unataka kupumzika, Bi. Tunu?"

"Hapana."

Mchezo wa tisa alizima tena sekunde ishirini. Aliporudi saa yake ilisoma ishirini na nne, ya Gervas arobaini na nne. Alisogeza askari.

Gervas hakujibu.

Arobaini. Thelathini na tano. Tunu aliweka simu juu ya meza. Thelathini. Ishirini na sita, ishirini na tano, ishirini na nne. Alingoja kete isogee. Haikusogea. Ishirini. Kumi. Tano. Kioo kikaandika kwamba Nshomile ameshindwa kwa kuishiwa muda.

Kwa mlango uliokuwa wazi aliuona mkono wa Gervas. Kidole kilikuwa juu ya kioo, umbali wa unene wa kadi, na kilikuwa kinatetemeka.

"Yupo," alisema Tunu.

"Kipimo bado kinasoma sifuri."

"Amenirudishia sekunde, Daktari." Akamweleza desturi yote, na barua ya wahandisi akamwonyesha. "Ameshindwa kujua mahali pa kusimama, hesabu imempotea. Lakini amerudisha."

"Imebaki michezo mitatu."

"Sheria inasema shahidi akiridhika anaweza kusimamisha."

"Inasema hivyo."

Angekuwa kazini, mizani iliyopita alama kwa gramu ishirini na nne asingeipiga muhuri. Angeitazama tena, angeifungua, angeuliza. Lakini siku ile Tunu alichukua kalamu, akaweka alama kwenye kisanduku cha *yupo*, akatia sahihi na dole gumba, na fomu ikaondoka kwenye kioo cha daktari kwenda inakokwenda. Koku, aliyekuwa amesimama jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, alikaa chini sakafuni polepole. Alilia bila sauti, kisha akafuta uso kwa kanga na kurudi kwenye ndizi zake.

*

Ile michezo mitatu iliyobaki Tunu alitaka kuicheza kwa furaha tu. Alitoka sebuleni akaenda barazani, akavuta kigoda, akaketi mbele ya Gervas magoti yakikaribia kugusana.

"Haya, Nshomile. Sasa bila mtihani."

"Utalia, mtani," ilisema sauti.

Hakuzima data. Alifungua kwa askari wa malkia. Gervas alicheza hoja moja, ya pili, kisha kidole kikasimama. Saa yake ilisoma hamsini na saba. Tunu alitazama saa yake mwenyewe: hamsini na sita. Hapakuwa na sekunde za kurudisha. Kidole kilitetemeka juu ya kioo dakika karibu nzima, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka muda ukaisha.

"Utalia, mtani," ilirudia sauti, kwa uchangamfu.

Mchezo uliofuata, kidole kilisimama kwenye hoja ya kwanza.

Tunu aliinua macho. Gervas alikuwa anamtazama yeye, hatazami ubao, na sasa macho yale hayakuwa ya dirisha la jirani. Tunu hakuanza mchezo wa kumi na mbili. Aliinuka, akaingia ndani, akaufunga mlango wa baraza.

"Daktari. Mkalimani akitaka kusogeza mkono, na mkono usisogee, hicho kinaandikwa wapi?"

"Hitilafu. Kinaandikwa kwenye orodha ya hitilafu."

"Na kipimo kinazihesabu?"

"Hapana. Kipimo kinahesabu matendo. Kitu ambacho hakikutendeka hakina mwenyewe."

"Nifungulie orodha hiyo."

Daktari Mfinanga alifungua. Alikuwa mtu mwangalifu, na aliisoma mara mbili kabla ya kuigeuza Tunu aione. Katika siku tisini mkalimani alikuwa amejaribu kusogeza mkono au koo, na kuzuiwa, mara mia mbili sabini na moja. Tunu alipitisha kidole kwenye safu ya saa. Saa moja asubuhi. Saa saba mchana. Saa moja jioni. Saa moja, saa saba, saa moja. Katikati ya saa hizo hapakuwa na kitu, isipokuwa leo, kuanzia saa tano na dakika nane, mchezo wa tisa na miwili iliyoufuata.

"Ni chakula," alisema Tunu.

"Hiyo ni tafsiri yako."

"Tafsiri yako ni ipi?"

Daktari alirudi kutazama safu ya saa.

"Nguvu zote zilizombaki anazitumia kutofanya," alisema Tunu. "Mara tatu kwa siku. Leo akaona nimekuja, akafanya hivyo kwenye ubao, mahali ambapo nilikuwa natazama. Nikampigia muhuri." Alizungumza kama anayesoma matokeo ya ukaguzi. "Ifute ile fomu."

"Haifutiki, Bi. Tunu. Zamani ndugu walikuwa wanawarudia mashahidi wabadili jibu kwa ajili ya mirathi, ndiyo maana *yupo* haiguswi mpaka mwaka uishe. Na hata ningeweza," alisita, "ungeandika nini? Yupo. Umethibitisha kuliko mwanzo. Swali ni hilo tu."

Tunu alijua hivyo kabla hajaambiwa. Jibu lake lilikuwa sahihi.

"Hizi namba za pembeni ni nini?" aliuliza. Kila hitilafu ya chakula ilifuatwa na tatu, kisha saba.

"Nguvu ya mkalimani. Kawaida ni tatu. Ikipandishwa saba, mkono hauwezi kumzuia."

"Nani anaipandisha?"

Daktari alianza kukusanya vifaa vyake. "Mlezi ana ruhusa," alisema.

*

Koku alikuwa amefunika sufuria kwa majani ya migomba na kuikalia karibu. Hakugeuka Tunu alipoingia.

"Wifi, kaa. Ndizi zinakaribia."

Tunu alikaa. Kwa kitambo alitazama mvuke ukitoka pembeni mwa majani.

"Umeona orodha," alisema Koku.

"Nimeona."

"Nilisikia ukiuliza. Nyumba hii kuta zake nyembamba." Alichochea moto. "Ilianza mwezi wa nne. Kijiko kinafika mdomoni, mkono unasita. Nikadhani ni kifaa. Nikawapigia, wakaniambia mama, ukiona kinasita ongeza. Nikaongeza. Akala."

"Ukajua lini kwamba si kifaa?"

"Mwezi huohuo. Mimi nimelala na mtu huyu miaka thelathini na minne. Akikataa kitu shingo yake inafanya hivi." Aliikaza yake, na kwa nukta moja ilikuwa shingo ya Gervas. "Alinikatalia hivyohivyo nilipotaka tuuze shamba la mamake."

"Koku. Hataki."

"Najua hataki."

"Basi ungesema."

"Kwa nani? Kipimo kinasema hayupo, mimi niseme yupo ila anakataa chakula? Wangenihesabu hitilafu mimi pia." Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Wewe, wifi, ulikuwa na dakika zake, mojamoja, saa kumi jioni. Ukimaliza unazima simu, unakwenda kupika kwako. Mimi nina siku nzima. Nina kitu kinachoniambia mke wangu chai tamu, mke wangu umependeza, maneno ambayo mzee aliyasema mara moja kwa mwaka, akilazimishwa. Asubuhi mpaka usiku naishi na mkalimani. Ni pale tu, kijiko kikifika hapa mkono ukasita, ndipo najua mume wangu yuko mezani. Mara tatu kwa siku. Siku asipokataa ndiyo nitajua nimefiwa."

"Na kisha unaongeza nguvu."

"Na kisha naongeza nguvu." Alifunua majani, akachoma ndizi kwa ncha ya kisu. "Ungekuwa wewe, ungemtazama?"

Tunu alifikiri, kwa kuwa aliulizwa. Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyozoea, akiweka uzito huku na huku.

"Sijui," alisema.

"Basi," alisema Koku. "Imeiva."

Waliandaa barazani. Daktari alikuwa ameaga. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya ziwa na ilikuwa inaupanda mlima polepole. Gervas aligeuzwa kiti, akafungwa kitambaa shingoni. Ndizi, maharage, kipande cha sato. Koku alinawa, akamnawisha mume, akamnawisha Tunu kama mgeni anavyonawishwa. Kwenye mkono wa kushoto alivaa kitu kama saa, chenye gurudumu dogo pembeni.

"Mke wangu," ilisema sauti ya Gervas, "leo umepika."

Mkono ukashika kijiko, ukachota, ukapanda. Kabla ya midomo, ukasimama.

Shingo ya Gervas ilikuwa imekaza. Kijiko kilitetemeka, maharage mawili yakaanguka kwenye kitambaa. Koku alimtazama mumewe usoni, karibu, kwa namna ambayo Tunu aliona haya kuishuhudia. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, kama wa mtu anayepokea wageni wa mbali. Alikuwa anakawia. Tunu aliona kwamba anakawia kwa makusudi, kwamba hizi ndizo sekunde zake za siku, naye anazitumia zote.

Macho ya Gervas yalimwacha mkewe, yakahamia kwa Tunu. Yalikaa hapo.

Tunu angeweza kunyoosha mkono na kulifunika lile gurudumu. Umbali ulikuwa mdogo. Fomu ilikuwa imekwenda, lakini mkono wake ulikuwa hapa, na mkono wa Koku ulikuwa umelala mezani, hauna nguvu za kushindana. Alimtazama Gervas. Alimtazama Koku. Alijua kila mmoja anataka nini. Hakuna kipimo ambacho kingeweza kumwongezea kitu.

"Chakula kitamu," ilisema sauti.

Koku alizungusha gurudumu.

Mkono ukapanda. Mdomo ukafunguka, ukafunga, koo likameza. Ukachota tena. Alikula bila kusita, kwa mwendo wa mtu mwenye njaa na adabu, mpaka sahani ikawa nyeupe. Macho yake hayakuondoka kwa Tunu mpaka kijiko cha mwisho, ndipo yakarudi kutazama nje.

Koku alimfuta mdomo. Kisha akaisogeza sahani ya Tunu, ambayo haikuwa imeguswa.

"Wifi," alisema taratibu. "Kula."

Tunu alichota. Kijiko kilipofika karibu na mdomo aligundua kwamba amesita, na kwamba Koku anamwangalia mkono.

Akala.